Maji ya Sungura na Mahindi ya Sadaka

Gitega, 7 Oktoba 1996

Mvua imeanza kwa kweli, na bati la maabara limevuja palepale lilipovuja mwaka jana. Nimeweka ndoo. Huo ndio msaada wote utafiti wangu utakaoupata mwaka huu, na ndoo yenyewe ni ya mama.

10 Oktoba

Sungura wengine wamekufa. Namegabe, mkemia wangu, anasema ni baridi. Mimi nasema ni njaa.

15 Oktoba

Amekuja bwana mmoja kutoka Bujumbura, koti zuri, viatu vimejaa matope, kuuliza kama maabara hii bado ina sababu ya kuwepo. Nikamweleza kama nilivyowaeleza waliomtangulia. Nikasema: ndani ya kila seli mna kiwanda kidogo kinachotengeneza protini. Sisi tunachukua damu ya sungura, tunazipasua seli zake kwa maji ya baridi, tunatupa maganda, tunabaki na maji ya ndani. Seli zimekufa, lakini maji yale hayana habari. Ukiyapa chakula na maagizo yanaendelea na kazi. Mimi huyapa maagizo yaliyotolewa kwa kimulimuli, nayo hutengeneza kile kinachomfanya kimulimuli awake, na kwenye chumba cha giza yanatoa mwanga. Sasa ukitia humo nafaka yenye sumu ya ukungu, kiwanda kinakwama na mwanga hautoki. Basi kwa kikombe cha damu na macho mawili unaweza kujua chakula kipi kitadhuru watu, bila mashine kutoka Ulaya.

Alinisikiliza vizuri sana. Kisha akauliza: "Donc, kwa hiyo, madamu, mnatia damu ya mnyama ndani ya chakula cha watu?"

Namegabe alitoka nje kwenda kucheka. Mimi sikuweza. Nilikaa miaka katika mji wa barafu karibu na Moscow, nikilala na koti, nikirudi bwenini na vidole vilivyokufa ganzi. Kisha miaka mingine hapa Gitega. Mpaka leo hakuna mtu hata mmoja aliyeyaamini maji haya. Profesa wangu wa zamani, simu ikipatikana, huniambia kwamba macho si kipimo, na kwamba unga niliouozesha mwenyewe kwenye sahani si ushahidi. Anataka chakula halisi, cha watu halisi. Nami ninachotaka ni kidogo kuliko hicho: mara moja tu, nikisema "hiki kibaya", mtu asikile.

2 Novemba

Bukavu, kule Zaire, imeanguka mikononi mwa waasi. Namegabe ana mke na watoto kule. Alikuja kazini kama kawaida, akawalisha sungura, akaosha vyupa ambavyo vilikuwa safi. Nikamwambia aende nyumbani akapumzike.

"Nyumbani wapi, Docteur?" akaniuliza, akaendelea kuosha.

8 Novemba

Mvua.

9 Novemba

Mvua. Umeme ulikuja ukachungulia, ukarudi zake.

20 Novemba

Tangu majirani watufungie mipaka, mazuti, dizeli ya jenereta, inauzwa kwa chupa kama dawa ya kikohozi. Maji ya sungura hayataki mchezo: yakitoka kwenye ile baridi kali ya friza yanakufa. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya salamu, namuuliza Namegabe habari za jenereta.

"Mazuti yenye ilibakia iko kidogo, Docteur. Friza nayo iko inaunguruma vibaya, sawa na mzee mwenye pumu."

Na yale maagizo ya kimulimuli, yanayoletwa vichupani yakiwa yamegandishwa, yamekwisha. Boksi letu limekwama kwenye friza ya forodha ya Kabanga, upande wa Tanzania, tangu kiangazi. Kaka yangu Sefu, mfanyabiashara wa Muyinga, amesema atalipitisha. Sefu hupitisha chochote. Wakati wenzake wanalia na vikwazo, yeye amenenepa.

Muyinga, 28 Novemba

Nimekuja na msafara wa wanajeshi, tumebanwa nyuma ya lori la chumvi. Boksi lipo! Sefu alilipitisha mpakani Kobero ndani ya kreti la sangara, katikati ya barafu ya samaki. Forodha walifunua, wakaona vichwa vya samaki, wakafunika. Boksi linanuka vibaya lakini ndani mna barafu bado, na yaliyomo vichupani hayajayeyuka. Nilimkumbatia kaka yangu mbele ya wachukuzi wake, akaona haya.

"Mi sijui hii kitu ni nini," akasema, "lakini kama Hidaya anaitaka, itapita."

Naandika hili ili nisije nikasahau. Ni yeye aliyeniokoa. Hakuna wizara, hakuna chuo, ni Sefu na samaki wake.

Alasiri akanionyesha ghala lake la mahindi. Yalivuka mpaka kabla ya mvua, na tangu hapo yamekaa chini ya paa linalovuja kuliko la kwangu. Magunia ya chini yalikuwa na joto nilipoyagusa. Nikafungua moja, punje zimeota ukungu wa rangi ya waridi, wa kupendeza machoni. Nikamwambia, kaka, haya yameharibika.

"Iko unyevu tu. Januari jua litatoka, nitayaanika, nitayapepeta, yatakuwa safi kabisa."

"Ukungu utaondoka, sumu yake itabaki."

"We na sumu yako," alisema kwa upole, akanipa soda.

12 Desemba

Mke wa Namegabe yuko hai, na watoto, kwa masista upande wa Rwanda. Aliniambia akiwa amegeukia ukuta. Tukanywa chai bila sukari.

19 Desemba

Lori la Sefu limepigwa risasi njiani kutoka Kobero. Waliokuwa kwenye gari la mbele wamekufa wote. Amefika kwa mama Nyamugari, mtaa wa Waislamu hapa Gitega, kofia ina tundu. Jioni akaswali, akaweka nadhiri mbele yetu: sikukuu ya Idi atatoa mahindi sadaka kwa watu walioondolewa vilimani mwao na vita, wale wa kambi ya Nyarusange.

"Mahindi gani?" niliuliza. Mama akanikata jicho. Kweli haikuwa saa yake, mtu ametoka kwenye mdomo wa kaburi.

10 Januari 1997

Saumu ya kwanza. Mvua imekatika. Jua zuri, jua la kuanikia.

27 Januari

Mahindi yamefika. Yamejaa chumba cha mbele kwa mama, na lazima niseme ni mazuri kuyaona: makavu, ya njano, hayana hata alama. Majirani wanakuja kumpongeza mama kwa mtoto aliyemzaa. Nilichota kiganja nikatia mfukoni kama mwizi.

29 Januari

Namegabe alisaga, akaloweka kwenye spiriti, akachuja, akakausha. Tukaweka tone kwenye maji ya sungura. Kwenye bomba la pili tukaweka mahindi ya kawaida kutoka jikoni kwa mama. Tukakaa kwenye stoo tuliyoiziba madirisha kwa mablanketi, tukangoja macho yazoee giza.

La mama liliwaka, rangi ya kijani hafifu, limetulia. La Sefu halikuwaka.

Tukarudia kwa punje za magunia mengine. Tukarudia tena kwa kuyapunguza makali ya lile tone, na kadiri tulivyoyapunguza mwanga ulirudi kidogo kidogo, ngazi kwa ngazi, kama vitabu vinavyotaka. Sijawahi kupata matokeo safi namna ile, hata kule Urusi kwenye mashine. Namegabe alinipa mkono gizani. Nikafurahi. Mungu anisamehe, chumba cha mama kimejaa sumu na mimi nilifurahi.

31 Januari

Nimemleta Sefu maabara, baada ya adhuhuri. Alitembea juani kutoka Nyamugari na saumu yake, amekasirika kabla ya kufika. Mwanga wa maji haya ni mdogo. Jicho lililotoka juani halioni kitu, lazima ukae. Nilimwomba akae. Alikaa kama mtu aliyeacha gari lake linawaka nje.

"Hidaya, huku iko joto, kunanuka sungura. Onyesha."

"Bado, kaka. Macho yako bado yana jua."

"Onyesha tu, niende."

Nikainua bomba la mahindi ya mama. Mimi niliuona mwanga. "Unaona?"

"Sioni kitu."

Nikainua la mahindi yake. "Na hili?"

"Sioni pia. Sasa?"

"Hilo la pili ndilo lenye sumu."

Akaangua kicheko mpaka akashika ukuta. "Ya kwanza sioni kitu, ni nzuri! Ya pili sioni kitu, ni mbaya! Hidaya, we ulikwenda mpaka Urusi kwa hii?"

Nilimsihi angoje kidogo tu, macho yatafunguka. Akavuta blanketi, mchana wote ukaingia, akaondoka. Namegabe alilirudisha blanketi. Nilikaa pale gizani nikilitazama lile bomba linalowaka, nikalia kwa hasira.

3 Februari

Nimempeleka Sefu kwa Shehe Radjabu, mama naye akaja. Nikaeleza. Shehe ni mtu mzuri, ananiheshimu, lakini maji ya damu ni kitu kigumu kwake. Alisema jambo moja la haki: mtu asitoe sadaka kitu ambacho yeye mwenyewe hawezi kukila.

"Basi!" akasema Sefu. "Nitakula mbele yao. Mi wa kwanza."

Wote wakaridhika. Hapa kwetu mwenye kuleta chakula au kinywaji huonja kwanza mbele ya wageni, ili wajue hakuna kitu kilichotiwa; ndivyo tulivyolelewa, Mwislamu na Mkristo, na siku hizi za vita hakuna mtu anayefungua mdomo mpaka aone mwingine ameonja. Nikawaambia kuonja kunafaa kwa sumu iliyotiwa na mtu. Hii ni ya ukungu. Mwanamume mwenye kitambi akila matonge mawili haitamgusa, lakini mtoto wa kambini aliyekonda akila sahani nzima itampindua. Mama akaniuliza kwa nini namchukia kaka yangu.

6 Februari

Nimegombana na mama. Sikufuturu kwake.

9 Februari

Idi. Pilau, nguo mpya za watoto wa majirani. Sefu alinipa mkono, nikampa. Tulitabasamu wote wawili kwa ajili ya mama.

10 Februari

Nimekwenda Nyarusange. Nilidhani nikiwepo labda nitapata la kufanya.

Masufuria yalikuwa tayari yamewekwa juu ya mafiga, na wanawake wa kambi wakisonga ugali. Nilipita kwa mmoja mmoja, nikawanong'oneza wasiwape watoto. Wengine waliniangalia nguo zangu za mjini, wakageuka. Mmoja aliyeitwa Espérance aliacha mwiko akaniuliza: "Umejuaje, mama?" Nikamwambia nimepima. "Kwa kitu gani?" Nikamwambia kwa damu ya sungura. Alinitazama sana. Sijui kwa nini, akawaita watoto wake, akawapeleka ndani akafunga mlango.

Kisha Sefu akasimama mbele ya watu wote na kanzu yake nyeupe. Akasema Bismillahi, akakata tonge, akala. Akakata la pili. Akafungua mikono ili wamwone. Watu wakapiga makofi, na sahani zikaanza kupita.

Hata jua halijapinda, mtoto wa kwanza akatapika. Kisha mwingine. Kisha ilikuwa kila upande, akina mama wakikimbia na watoto vifuani, na harufu ile. Sefu alisimama katikati, mzima kabisa, matonge yametulia tumboni, anaita maji, anaita maziwa, anamwita Mungu. Nilimwona akinitafuta kwa macho. Mimi nilikuwa nimempakata mtoto wa mtu, namnywesha maji ya chumvi na sukari, na kila nilichotia kilirudi.

12 Februari

Mtoto mmoja amekufa. Alikuwa bado ananyonya.

Wengi wanapona. Askari wamemchukua Sefu. Kambini wanasema watu wa Nyamugari wamewatilia sumu, na mjini watu wameanza kufunga maduka mapema. Kila mtu anajua neno kama hilo hufika wapi katika miaka hii.

Profesa alitaka chakula halisi na watu halisi. Sasa ninavyo vyote viwili.

14 Februari

Mama amekuja maabara, hajawahi kukanyaga hapa. Alisimama mlangoni, hakutaka kuingia kwenye harufu.

"Kesho watakuuliza. Wameshajua kwamba ulimwambia. Ukisema maji yako ni ya kweli, basi Sefu alijua akawapa. Watamwua, Hidaya. Na wakimaliza kwake watakuja mtaani."

"Mama, maji ni ya kweli."

"Najua. Nimeona watoto." Ndivyo alivyosema: najua. Miaka yote hii nimengoja mtu aniambie hivyo, na aliyeniambia ni mama yangu, amekuja kuniomba niyakane. "Maji utapata mengine," akasema. "Kaka hutapata mwingine."

15 Februari

Nyarusange, uwanjani, mbele ya kambi nzima. Ofisa alikuwa kijana, Kiswahili chake cha kambi ya jeshi. Sefu ameketi chini, mikono nyuma, kanzu ileile. Namegabe aliletwa pia.

"Wewe daktari. Ulimwambia huyu mahindi iko na sumu?"

"Nilimwambia."

"Mbele ya nani?"

"Mama yetu na Shehe Radjabu."

"Donc alijua."

"Hakujua, afandi."

"Umemwambia, hakujua. Namna gani?"

Sefu aliinua kichwa. Nikasema kwa sauti, ili hata walio nyuma wasikie: "Kwa sababu maji yangu hayajui kitu, afandi. Yanawaka yakitaka, yanazima yakitaka. Ni mchezo wa chuo, nikiwatishia nao watu ili wanione msomi. Safari hii yamebahatisha. Sefu alinicheka na alikuwa na haki ya kunicheka. Hata mimi mwenyewe sikuyaamini."

Ofisa akamgeukia Namegabe. "Iko hivyo?"

Namegabe alinitazama. Amepoteza nyumba yake yote, amelala kwenye sakafu ya maabara ile kulinda friza isizime, ameyajua maji yale kuliko watoto wake wanavyomjua. Aliinamisha macho.

"Docteur ndiye mukubwa. Kama anasema haifanye kazi, haifanye kazi."

Mtu mmoja akacheka, kisha wengi. Kicheko cha watu waliokuwa wameogopa. Ofisa naye akatabasamu, akasema hawa ndio wasomi wetu. Ikaamuliwa kuwa ni ajali, mahindi yachomwe, Sefu aende. Na ile damu ya sungura imwagwe, isiendelee kusumbua watu.

16 Februari

Namegabe amemwaga. Ilipita mferejini nyekundu, kisha mvua ikaiosha. Askari wamechukua mazuti iliyobaki. Friza iko wazi, inanuka samaki.

18 Februari

Sefu amekuja na nusu mbuzi. Amekonda. Amekwenda kwa mama wa yule mtoto, hakupokewa. Anasema hapati usingizi. Nilimwonea huruma, nilitaka kumshika mkono.

"Bora ulisema kweli mbele ya watu," akaniambia. "Mi siku zote nilijua ile kitu haifanye kazi. Ingekuwa inafanya kazi, Hidaya, mi ningeweza kuishi namna gani?"

Nikamjibu, ndiyo kaka, haifanyi kazi. Nikamwekea chai.

20 Februari

Namegabe ameondoka kwenda kuwatafuta mkewe na watoto. Hakuaga.

26 Februari

Masika yamerudi. Nilikuwa nafungua vizimba niwagawe sungura waliobaki, mara nikamwona Espérance mlangoni na wanawake wawili wa kambi, wamelowa chapachapa, wametembea kutoka Nyarusange. Mmoja wao nilimtambua: ndiye aliyefiwa. Espérance akafungua kitambaa, ndani mna mahindi. Yameletwa na shirika jana, akasema, kambi nzima imepewa.

"Utuangalizie."

"Hamkunisikia siku ile uwanjani?"

"Tulikusikia," akasema Espérance. "Watoto wangu hawakula, walipona."

Yule aliyefiwa alichota kutoka kitambaani. Alinyoosha kiganja chake mbele, na punje juu yake.

Nilizichukua. Nikazinusa, nikaziuma, nikazipeleka dirishani kwenye mwanga, nikazitazama kama bibi yeyote wa sokoni anavyotazama. Zilikuwa safi. Za Sefu nazo zilikuwa safi. Nikawaambia sina kitu tena cha kupimia, vyote vimemwagwa. Nikawaambia sijui.

Walisimama kidogo, maji yakiwachuruzika kwenye sakafu. Kisha yule aliyefiwa akafunga kitambaa, fundo kwa fundo.

"Basi tutakula sisi wakubwa kwanza," akasema. "Tukipona, tutawapa watoto."

Nikawaambia wale sahani nzima, wasionje tu, na wangoje mpaka kesho yake. Walishukuru, wakaondoka na mvua. Hilo tu ndilo nililokuwa nalo la kuwapa.